Kusoma Si Kutamka Maneno

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wa shule za sekondari

Bismillahi Rahmani Rahim.



Amma baad. Jambo lililowekwa mbele ya mkutano huu ni dogo kwa jina lakini ni kubwa kwa maana, nalo ni kusoma. Makusudio si kusoma kwa mtoto wa darasa la kwanza, ambaye leo aijua herufi moja na kesho ataijua ya pili. Huyo ana walimu wake, na kila mtu yu tayari kumsaidia. Makusudio ni kusoma kwa kijana wa miaka 13 hata 18, aliyekwisha maliza shule ya msingi na kuvaa sare ya sekondari, ambaye kila mtu nyumbani kwao adhani ya kuwa habari ya kujifunza kusoma aliimaliza zamani.

Dhana hiyo ndiyo iliyowaangusha wengi.

Kijana huyo hupewa kitabu cha jiografia, akasimama mbele ya wenzake, akasoma ukurasa mzima kwa sauti safi wala asikosee neno. Mwalimu humwambia, "Vyema, keti." Lau mwalimu angeendelea kumwuliza, "Ukurasa huo wasema nini?" kijana angeinamisha kichwa. Maneno yamepita kinywani mwake kama maji yapitavyo katika mfereji, hayakubaki humo hata tone. Basi mwisho wa muhula huja, alama zake ni chache, naye huambiwa kuwa ni mzito wa akili. Baba yake aliyeuza magunia ya kahawa ili alipe karo hudhani ya kuwa fedha zimetupwa. Na akiwa ni binti, hatari huwa kubwa zaidi, kwani binti akishaonekana kuwa shule imemshinda, haupiti muda mrefu maneno ya posa yakaanza kusikika sebuleni. Maisha yake yamekatwa, na hali kosa si la akili yake. Kosa ni kwamba alifundishwa kutamka, hakufundishwa kusoma.

KUTAMKA NA KUFAHAMU

Yapasa mambo haya mawili yatengwe. Kutamka ni kuzigeuza alama za wino ziwe sauti. Kufahamu ni kuzigeuza sauti hizo ziwe maana, na kuiunganisha maana hiyo na mambo ambayo msomaji ayajua tangu hapo. La kwanza ni mlango, la pili ni nyumba. Mtu hawezi kuingia nyumbani bila ya kupita mlangoni. Lakini asimamaye mlangoni siku zote hawezi kusema ya kuwa amekaribishwa ndani.

Wanafunzi wa vitabu vya Kiarabu walijua tofauti hii mapema, kwa sababu vitabu vyenyewe viliwalazimisha. Kitabu cha fikihi au cha nahau kwa kawaida huandikwa bila ya irabu. Msomaji aonapo neno hajui mwisho wake ni dhumma, fataha au kasra mpaka ajue kwanza ni nani mtendaji na ni nani mtendwa. Hivyo hapana budi afahamu ndipo apate kutamka sawasawa, na akikosea irabu mbele ya sheikh wake, kosa la ulimi lafichua kosa la fahamu. Lakini katika Kiswahili, na hata katika Kiingereza na Kifaransa kwa aliyekwisha zoea maandishi yake, kijana aweza kuutamka ukurasa mzima bila ya kuelewa hata sentensi moja, wala mwalimu asitambue. Ulimi humsitiri. Kwa sababu hiyo mwalimu wa sekondari asiridhike na sauti nzuri. Na aipekue maana.

LUGHA INAPOBADILIKA NJIANI

Tena watoto wa nchi hizi wana mzigo ambao watoto wa nchi nyingi hawana. Katika Uganda, kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, mtoto wa kijijini husomeshwa kwa lugha ya nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza. Darasa la nne ni la kuvukia, na kutoka darasa la tano masomo huwa kwa Kiingereza. Katika Rwanda, Serikali iliazimia mwaka 2008 kukiweka Kiingereza mahali pa Kifaransa katika kusomesha. Mtoto wa Burundi huanza kwa Kirundi, kisha hutakiwa aingie katika Kifaransa. Mtoto wa shule ya Serikali ya Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na siku aingiapo sekondari hukutana na fizikia na historia kwa Kiingereza.

Kuwa na lugha nyingi si balaa, ni neema. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamuru kijana wa Madina, Zayd bin Thabit, ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na zijibiwe na mtu mwaminifu. Zayd alijifunza kwa muda mfupi, na miaka baadaye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuikusanya Kurani. Na izingatiwe kazi aliyopewa ilikuwa nini. Hakuamriwa ajue kutamka barua. Aliamriwa aisome, aifahamu, na aandike jibu lake. Hicho ndicho kipimo cha kusoma lugha ya pili.

Basi kosa la shule nyingi si kuibadili lugha, bali ni kuibadili lugha na kuuacha usomaji. Kijana hutolewa katika lugha aliyoijua akatiwa katika lugha asiyoijua, kisha akapewa kitabu kile kile apewacho mtoto aliyezaliwa katika lugha hiyo. Wataalamu wawili, Hu na Nation, walionyesha mwaka 2000 ya kuwa msomaji wa hadithi katika lugha ya kigeni ahitaji kujua kadiri ya maneno 98 katika kila maneno 100 ili aielewe vyema bila ya msaada. Maneno mawili tu ya kubahatisha katika mia! Kijana akutanaye na maneno mageni kumi katika mistari mitano hasomi tena. Anavuka mto wenye mamba kwa kurukia mawe yasiyoonekana. Mwalimu mwenye busara humpa kwanza kitabu chepesi akimalize na kukifurahia, kisha kingine kilichokizidi kidogo, kisha kingine. Si aibu kijana wa kidato cha kwanza kusoma kitabu chepesi. Aibu ni kukaa miaka minne na kitabu kigumu asichokifahamu.

Na lipo jambo la kutia moyo. Ufundi wa kufahamu haufungwi katika lugha moja. Kijana aliyezoea kuuliza, kuunganisha na kufupisha asomapo Kiganda au Kiswahili huuchukua ufundi huo aingiapo katika Kiingereza, kama fundi seremala aendavyo na misumeno yake akihama mji. Mtaala mpya wa sekondari wa Uganda ulioanza mwaka 2020 umekitia Kiswahili miongoni mwa masomo ya vidato vya kwanza. Mwalimu wa Kiswahili asidhani basi kazi yake ni ngeli na methali tu. Na amfundishe kijana kusoma.

UTARATIBU WA DARSA, NA ONYO LA IBN KHALDUN

Wako wadhanio ya kuwa kufundisha ufahamu ni jambo jipya lililoletwa na meli. Sivyo. Katika darsa za pwani, tangu Lamu hata Unguja, sheikh hufungua kitabu, akasoma kipande kidogo cha Kiarabu, akasimama. Hukieleza kwa Kiswahili neno kwa neno, akataja ni kwa nini mwandishi amelisema hili kabla ya lile, akaleta mfano wa sokoni au wa shambani. Kisha humgeukia mwanafunzi amwambie asome yeye na kueleza yeye. Akikwama, sheikh humshika mkono. Akiweza, humwacha aendelee. Mwalimu anasoma mwanafunzi akisikiliza, kisha wanasoma wote wawili, kisha mwanafunzi anasoma mwalimu akisikiliza. Katika njia hiyo mwanafunzi haoni maneno ya kitabu tu. Huiona pia akili ya mwalimu ikifanya kazi juu ya kitabu.

Lakini yapasa kusema kweli ya kwamba si kila mahali pa kusomesha palipofuata utaratibu huo. Palikuwapo, na papo hata leo, mahali ambapo mtoto huhitimu akapikiwa pilau, hali ya kuwa hajaambiwa maana ya sura moja fupi. Kuhifadhi ni ibada na ni hazina. Lakini shule ikichukua sura ya nje ya kuhifadhi, ikaiacha darsa, yapata wanafunzi wakaririo historia na baiolojia kama wakaririo lugha wasiyoijua.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Kairo mwaka 1406, aliliona jambo hilo. Katika Mukadima yake alieleza ya kuwa katika nchi ya Maghribi wanafunzi walikaa madrasani hata miaka 16, na Tunis miaka mitano. Akawataja wanafunzi waliomaliza umri katika vikao vya elimu wakiwa kimya, hawasemi wala hawajadili, wakishughulika na kuhifadhi kupita kiasi, na mwisho wake hawakuwa na uwezo wa kuitumia elimu yao wala kuisomesha. Dawa aliyoitaja ilikuwa ni kuufungua ulimi katika majadiliano ya mambo ya elimu. Akasema tena kuwa elimu ifundishwe kwa kuirudia mara tatu: mara ya kwanza kwa muhtasari kwa kadiri ya akili ya mwanafunzi, mara ya pili kwa maelezo zaidi, na mara ya tatu pasipo kuacha fundo lolote. Imepita zaidi ya miaka 600 tangu maneno hayo yaandikwe, na mwalimu wa leo aweza kuyabandika ukutani mwa darasa lake.

KAZI NNE ZA MSOMAJI

Mwaka 1984, huko Marekani, wanawake wawili wataalamu wa elimu, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha habari ya wanafunzi wa darasa la saba ambao hali yao ni ile ile iliyotajwa mwanzo wa hotuba hii: waliweza kuyatamka maneno, lakini hawakufahamu wasomacho. Wataalamu hao hawakuwarudisha katika herufi. Waliwakalisha katika makundi madogo wakawafundisha kazi nne. Kwanza mwalimu alizifanya yeye mwenyewe kwa sauti, ili wanafunzi wasikie jinsi msomaji mzuri awazavyo; kisha kila mwanafunzi akachukua zamu ya kuwa mwalimu wa kundi, na mwalimu akajivuta nyuma kidogo kidogo. Baada ya majuma machache ufahamu wao uliongezeka sana, na faida ikaonekana hata katika masomo yao ya sayansi na maarifa ya jamii. Aijuaye darsa hataona ugeni mkubwa katika njia hiyo.

Kazi nne hizo ni kukisia, kuuliza, kufafanua na kufupisha. Na ichukuliwe aya hii iwe mfano, ambayo yafaa kwa kijana yeyote akaaye karibu na ziwa. Kichwa chake ni "Mgeni wa Ziwa".

"Sangara hakuwa samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ili uvuvi uongezeke. Kwa muda hakuonekana sana, lakini katika miaka ya 1980 alizidi mno, na aina nyingi za samaki wadogo zikapungua au zikatoweka kabisa. Hata hivyo, minofu yake ilipata soko ng'ambo, na viwanda vikajengwa katika miji ya ziwani."

Kukisia huja kabla ya kusoma. Kiongozi wa zamu asoma kichwa peke yake, awaulize wenzake, "Mgeni huyu ni nani?" Mmoja asema ni magugu maji, wa pili asema ni mzungu aliyelifikia ziwa. Haidhuru kwamba wamekosa. Sasa kila mmoja ana sababu ya kusoma, maana ataka kujua kama amepata au amekosa. Akili iliyokisia imeamka.

Kuuliza huja baada ya kusoma, nako kuna daraja. Swali dogo ni hili: "Samaki huyo aitwa nani?" Jibu lake laokotwa juu juu, kama embe lililoanguka. Swali kubwa ni hili: "Kwa nini kitu kilicholetwa kwa faida kilileta hasara, na ni nani waliopata faida, na nani hasara?" Hilo halikuandikwa mahali pamoja, msomaji hana budi aunganishe sentensi ya pili na ya tatu na ya nne. Mwalimu aulizaye maswali ya kuokota tu, huwazoeza vijana kuokota. Nao wakifika kwenye mtihani uwatakao wapande mti, hushindwa.

Kufafanua ni kusimama palipo na kiza. Kijana mmoja hajui "minofu". Na ajaribu kwanza kutafuta maana katika sentensi yenyewe: ni kitu cha samaki, kinauzwa mbali, kinapita kiwandani, bila shaka ni nyama iliyotengwa na mifupa. Kamusi na ije mwisho kuthibitisha, isiwe ya kwanza kufunguliwa. Lakini neno gumu kuliko yote katika aya hiyo si "minofu", ni "hata hivyo". Kijana huliruka kwa kuwa analijua, na hali hilo ndilo bawaba la aya nzima. Lamwambia: yaliyotangulia yalikuwa mabaya, sasa lasemwa jambo la upande wa pili. Maneno kama "hata hivyo", "kwa kuwa", "isipokuwa", "ingawa" na "kwa hiyo" ni madogo, lakini ndiyo yabebayo hoja katika kila kitabu cha sekondari. Mwalimu akifundisha hayo kumi au kumi na tano katika lugha ya shule, akayarudia katika kila somo, atakuwa amempa kijana ufunguo wa vitabu vyote.

Kufupisha ndiyo hesabu ya mwisho. Kiongozi aseme aya yote kwa sentensi moja, kitabu kikiwa kimefungwa: "Sangara alitiwa ziwani ili uvuvi uongezeke, akaleta fedha, lakini samaki wengi wa asili wakapungua au wakatoweka." Awezaye kusema hivyo kwa maneno yake mwenyewe amesoma. Asiyeweza, na arudi. Wala asionewe aibu kwa kurudi, kwa sababu kurudi nyuma palipo na shaka ni tabia ya wasomaji hodari, si ya wajinga.

KILA SOMO LINA USOMAJI WAKE

Labda mwalimu wa fizikia atasema, "Hiyo ni kazi ya mwalimu wa lugha." La. Kila somo lina usomaji wake, na mwenye somo ndiye aujuaye.

Hesabu haisomwi kama hadithi. Swali la mistari mitatu hutaka lisomwe mara tatu: mara moja kujua habari, mara ya pili kujua kilichotolewa, mara ya tatu kujua kinachotafutwa. Sayansi hutaka msomaji aende baina ya maneno na picha. Asomaye habari ya moyo wa binadamu bila ya kuuweka mkono juu ya mchoro na kuifuata damu itokako na iendako, amesoma nusu. Na karatasi ya mtihani pia ni kitabu cha kusomwa. "Taja" si "eleza", wala "eleza" si "linganisha". Kijana aliyetakiwa kulinganisha mito miwili, naye akaeleza mmoja kwa kurasa mbili, hupoteza alama kwa jambo alijualo.

Historia nayo ina adabu yake. Mwaka 1991 mtaalamu wa Marekani, Sam Wineburg, alieleza jinsi alivyowapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari nyaraka zile zile za vita vya Lexington vya mwaka 1775. Wanafunzi kwa kawaida walianza na mstari wa juu wakateremka mpaka chini. Wanahistoria waliangalia kwanza ni nani aliyeandika, lini, na kwa haja gani, ndipo waliposoma. Wanachuoni wa hadithi hawatastaajabu, kwani wao waliiweka isnadi mbele ya maneno, wakauliza habari ya mpokezi kabla ya kuipokea habari yake. Kijana wa leo apokeaye kila saa maneno yasiyojulikana yametoka kwa nani, katika simu iliyo mfukoni mwake, ana haja ya adabu hiyo kupita babu yake. Asiyefundishwa kuuliza "Nani amesema?" ataamini kila dawa, kila uzushi na kila fitina.

KUJUA MAMBO NI NUSU YA KUSOMA

Kuna jambo moja zaidi ambalo wazazi hawana budi kulishika, kwa maana liko mikononi mwao. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 wa madarasa ya saba na ya nane huko Marekani habari ya mchezo wa besboli waisome. Wengine walikuwa wasomaji wazuri na wengine dhaifu. Na katika kila fungu walikuwamo waujuao mchezo huo na wasioujua. Ilidhihirika ya kuwa msomaji dhaifu aliyeujua mchezo aliielewa habari hiyo na kuikumbuka kuliko msomaji mzuri asiyeujua.

Maana yake ni wazi. Mtoto wa mvuvi akisoma habari ya sangara atamshinda mtoto wa mjini ambaye humjua samaki kwenye sahani tu. Hakuna mtoto aliye mtupu. Kila mmoja amekuja na ujuzi wa nyumbani kwao, wa shamba, wa duka, wa cherehani, wa mifugo. Mwalimu na aanzie hapo. Na mzazi, hata akiwa hajui kusoma, aweza kumwongezea mwanawe nusu nzima ya usomaji kwa kuzungumza naye: kumweleza bei ya mahindi inapandaje, bibi yake alitoka wapi, mvua ya vuli na ya masika zatofautianaje, kwa nini mkataba wa shamba hutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Mtoto akaliaye nyumba ya watu wasiozungumza naye ila kumtuma na kumkemea, huingia darasani na mkoba mwepesi.

YAPASAYO KUTENDWA

Basi maneno yasiishie hapa yakawa kama moshi. Yako mambo manne yawezekanayo, wala hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni la walimu. Kila mwalimu, katika kila somo, na atenge dakika kumi katika kipindi kimoja cha juma awasomee vijana kipande cha kitabu chake, akiwaza kwa sauti: "Hapa nimekwama, narudi. Neno hili sijui. Natazama lililo karibu yake." Kijana ambaye hajawahi kumsikia mtu mzima akikwama na kujikwamua hudhani ya kuwa kukwama ni ujinga wake peke yake.

La pili ni la wakuu wa shule. Makundi ya wanafunzi watano au sita, kitabu kimoja kwa kila kundi, na zamu ya uongozi kwa wote, wa kike na wa kiume sawasawa. Shule yenye vitabu kumi na wanafunzi 60 yaweza kulifanya hilo kesho. Uchache wa vitabu ni dhiki, lakini si udhuru.

La tatu ni la wazazi. Kijana apate nusu saa kila usiku, na taa, na ukimya. Hasa binti: asiwe yeye peke yake aoshaye vyombo na kulaza wadogo mpaka usingizi umshinde, hali kaka yake amekaa na kitabu. Kisha mzazi amwulize swali moja tu: "Leo umesoma nini? Nieleze." Mzazi asiyejua herufi aweza kuuliza swali hilo, nalo lina thamani kuliko fimbo.

La nne ni la vyama na jamaa. Chumba kimoja nyuma ya msikiti au ya ofisi ya chama, meza, rafu ya vitabu vya Kiswahili na vya lugha ya shule, vyepesi na vigumu, na gazeti la siku. Wakati wa likizo, vijana wa vidato vya juu wawaongoze wa vidato vya chini katika kazi nne zilizotajwa. Afundishaye hujifunza mara mbili, na mji wenye chumba kama hicho hauna haja ya kungojea mgeni aje kuwasomea watu wake barua zao.

Watoto hawa ndio watakaoletewa kesho hati ya ardhi watie sahihi, na karatasi ya dawa ya mama zao, na sheria mpya ya mji, na maneno ya mwenye kutaka kura zao. Aliyejua kutamka tu ataitamka hati, kisha ataipoteza ardhi. Aliyejua kusoma atasimama kwenye "isipokuwa", atauliza, na atarudi nyuma mpaka afahamu. Tofauti ya watu hao wawili haitoki katika damu wala katika akili waliyozaliwa nayo. Yatoka darasani na nyumbani, katika miaka michache hii ambayo kijana yungali na sare mwilini.

Mwenyezi Mungu awape walimu subira, wazazi hima, na vijana fahamu iliyo njema. Amin.